Majina Aliyoyashika Mauwa

Sisi tuliosoma Kasongo wakati ubao ulipopakwa weusi wa mawe ya redio, zile betri, yaliyokufa, uliopondwa na kuchanganywa na maji ya majani ya muhogo, tunajuana hata bila kuambiana. Tukikutana sokoni Kabambare, au kule kwenye machimbo ya Salamabila, mtu akisema tu "janti", tunaanza kucheka. Janti ilikuwa duara la chuma la gurudumu la lori lililokufa zamani, limetundikwa kwa mnyororo kwenye mchikichi mbele ya ofisi ya Direkteri, mkuu wa shule. Ikipigwa na kipande cha chuma, ngaaa, ilisikika mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na aliyekuwa bado njiani alijua siku yake imeharibika.

Naandika haya katika kurasa za nyuma za kaye, daftari la shule, la mwanangu mkubwa, na sijui kama ninafaa kuandika. Mimi nilifika sekondari ya pili tu. Mambo mengine nimeyasahau, mengine labda nimeyaongeza chumvi bila kujua. Nimemsomea Mama, na pale ambapo yeye anakumbuka vingine nitasema, ili asije mtu akaniambia nimedanganya.

Nakumbuka viatu vyetu tulivibeba mkononi ili visile vumbi, tukavivaa mlangoni. Nakumbuka kiporo cha wali kilichofungwa kwenye jani la ndizi, chini yake sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyoloa mawese, na mafuta yale yakipenya mpaka kwenye kaye la hesabu. Jumamosi tulikuwa na salongo: kila mtoto na ufagio wake au jembe, tunalima na kufagia uwanja mpaka jua linapanda. Mtoto wa leo ukimpa ufagio, kwanza anaupiga picha. Lakini nisiwaonee. Huyu mwanangu ndiye aliyenifundisha kutuma ujumbe kwa simu, tena kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye ninayetaka kumwandika. Jina lake Mauwa, wa kunifuata mimi, miaka miwili kati yetu.

Mauwa alikuwa hakutazami usoni. Ukimwita, haitiki, lakini ukisema neno leo, keshokutwa analisema kama lilivyotoka mdomoni mwako, na sauti yako ndani yake. Wasichana tukicheza nzango, ule mchezo wa kurukiana na kutupiana miguu kwa makofi, yeye alikaa mbali kidogo akitazama miguu tu. Hakutaka kuguswa kichwa. Kusukwa nywele kwake kulikuwa vita, mpaka Mama akaamua kumnyoa. Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema pepo. Wengine walisema Mama alikula kitu kibaya akiwa na mimba. Sheikh wa msikiti wetu alipoulizwa alisema tu, "Mutoto huyu hana kosa. Musimusumbue." Nilikuwa namwogopa yule sheikh kwa sababu ya fimbo yake ya chuo, lakini neno lile nimemwekea.

Kitu kimoja Mauwa alikipenda kuliko sisi sote: kuchagua mchele. Mama akishatwanga na kupepeta, alimwachia ungo, na Mauwa angeweza kukaa hapo kuanzia chai mpaka adhuhuri. Wanawake wa mtaa walimcheka Mama kwa kumwachia kazi mtoto asiyeongea. Mama alijibu, "Mchele hauogopi jiwe. Linaloogopa ni jino." Wakati ule nilidhani anazungumzia mchele.

Alipofika umri wa masomo, Mama alimpeleka. Siku ya kwanza janti ikapigwa. Mauwa alijiziba masikio, akapiga kelele moja ndefu, akakimbilia nyuma ya vyoo. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nusu ya klasi ya kwanza ilimfuata, si kwa huruma, kwa kuangalia. Mama anasema ilikuwa juma moja, mimi nadhani mawili. Mwishowe Direkteri alimwita Mama, na mimi nikaenda naye kama mtoto mkubwa.

"Mama Faida," alisema, maana Faida ndiyo mimi, "miye sikatai mutoto. Lakini klasi imejaa mpaka dirishani. Mumoja akilia, wote wanatoka. Nifanye namna gani?"

"Direkteri, yeye hakimbii masomo. Anakimbia janti."

"Sasa masomo bila janti iko masomo gani?"

Tukarudi naye nyumbani. Kwa miaka nilimchukia yule Direkteri. Leo nikifikiri, mtu mmoja, uwanja mzima wa watoto, walimu wanaohesabika kwa vidole, sijui mimi ningefanya nini. Labda ningesema vilevile, tena kwa ukali zaidi.

Aliyebadilisha mambo ni Madamu Feza, mwalimu wa klasi ya kwanza. Mume wake alikuwa mkulima, wao Wakristo, yeye mwimbaji wa kwaya, na ndugu zake wengi walikuwa upande wa Lusangi. Siku moja alipita kwetu kumwomba Mama mpunga wa mbegu, akamkuta Mauwa na ungo wake. Mawe yamepangwa mstari mmoja, dogo mpaka kubwa. Punje zenye maganda mstari wa pili. Mchele uliovunjika mstari wa tatu. Madamu alikaa kwenye mkeka bila kusema neno. Akachukua jiwe la mwisho, akaliweka katikati. Mauwa, bila kumtazama, akalirudisha. Madamu akalihamisha tena. Likarudi tena. Mara ya tatu Mauwa aliushika mkono wa Madamu, akautoa kwenye ungo, akauweka chini kwenye mkeka kama kitu kilichosahauliwa hapo.

Madamu alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Mama Faida! Huyu anajua kupanga kuliko watoto wangu wote. Sisi ndio hatujui kumuuliza!"

Juma lililofuata alimwomba Direkteri chumba cha stoo, kile cha chaki na majembe ya salongo na mabenchi yaliyovunjika miguu. Asubuhi angefundisha klasi yake, na mchana, wengine wakienda nyumbani, angekaa na watoto watatu: Mauwa, msichana wa mwenye duka aliyejua sura nyingi za Kurani lakini hajibu salamu, na mtoto mmoja wa wakulima aliyezunguka kama pia. Asubuhi hao watatu wangekaa stoo na dada yake Madamu, wakifanya kazi aliyowaachia. Direkteri alikubali kwa sharti. Alilisema mbele ya walimu, na watoto tukalisikia dirishani: "Mupaka siku ya proklamasyo, ya kusoma matokeo. Kama watoto hawa hawana kitu cha kuonyesha mbele ya wazazi, stoo inarudi kuwa stoo."

Basi tukawa na klasi ya stoo. Wakati ule hakuna aliyejua kama kuna jina la hali ya Mauwa. Madamu Feza hakuwa amesomea chochote cha namna ile. Alikuwa na ungo tu. Alifundisha hesabu kwa mawe ya mchele. Herufi aliwaonyesha kwa kutandaza mchele kwenye ungo na kuuchora kwa kidole; ukitikisa ungo, kosa linafutika, na hakuna aliyechapwa. Kutoka hapo wakahamia kwenye ardwazi, kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki.

Ila janti ilibaki. Kila ikipigwa, Mauwa alijificha chini ya mabenchi. Madamu aliomba ibadilishwe, Direkteri akakataa. Kisha asubuhi moja, badala ya ngaaa, tukasikia du, du, du. Tulidhani chuma kimeibwa. Tulipotoka tulimkuta Direkteri mwenyewe, kabana mchi wa kinu kwapani, uso umekunjwa kama kawaida. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Tangu siku ile janti yetu ilipigwa kwa mchi, na Mauwa hakujificha tena. Sauti ya mchi aliijua tangu tumboni.

Sasa nifike pabaya pangu.

Watoto wa klasi yangu, ya nne, walitunga wimbo. Stoo na sisi tulitenganishwa na ukuta wa matete tu, na watatu wale wakitoka, walipokelewa: "Panya ya stoo! Munakula chaki! Panya ya stoo!" Mimi sikuimba siku ya kwanza. Wala siku ya pili. Siku ya tatu msichana mmoja akanitazama akasema, "Na weye Faida, iko panya yenu?" Nikaimba. Niliimba kwa nguvu kuliko wote, na Mauwa akapita mbele yangu akiwa na ungo wake. Jioni, nyumbani, wakati Mama anakoroga sombe, Mauwa alisema kwa sauti yangu mimi, ilivyo hasa: "Panya ya stoo. Munakula chaki." Mama aligeuka, akanitazama. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Basi nikaapa moyoni nitamlipa mdogo wangu. Siku ya proklamasyo nitamfanyia furaha ambayo haijaonekana Kasongo.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Mwisho wa mwaka wazazi wanajaa uwanjani, Direkteri anasoma majina, na mtoto akitajwa kwamba amepita, watu wake wanamrukia na kopo la pudre, ile poda nyeupe ya watoto wachanga, wanammwagia kichwani na shingoni mpaka anakuwa kama aliyelala kwenye unga wa muhogo. Kurudi nyumbani bila pudre ni kupita njia za nyuma. Nilimsaidia jirani kuchota maji siku nyingi, akanipa kopo lililobaki nusu. Nikalificha.

Siku ikafika. Majina yakasomwa, klasi kwa klasi, vigelegele, pudre ikipaa kama moshi. Nilipita, si kwa namna ya kujisifu. Mwisho kabisa Direkteri akafunga daftari lake, akasema, "Kuko wale wa stoo." Watu wakacheka kidogo. Madamu Feza akamleta Mauwa mbele, ungo mkononi. Mauwa akachuchumaa, akatandaza mchele, akachora kwa kidole: MAUWA. Walio karibu waliona. Walio mbali walisema, "Kafanya nini? Hatuoni kitu!"

Direkteri akageuka kwa Madamu, na nilijua stoo inakwisha.

Hapo Mauwa akasimama wima, mikono ubavuni, akaanza kuita. Ilikuwa apeli ya klasi yetu, majina yote ambayo mwalimu wetu aliyaita kila asubuhi, nasi tukiitika "prezan", yaani nipo, na yeye akayasikia nyuma ya matete mwaka mzima. Aliyaita kwa mpangilio uleule na kwa sauti ya mwalimu yenyewe, ya puani.

"Amisi. Asha. Bahati. Bahati! Bahati anachelewa tena. Bilali. Bilali, toa kidole mudomoni. Dunia. Faida..."

Uwanja ulilipuka. Baba yake Bilali alimtazama mwanawe, na Bilali kweli alikuwa na kidole mdomoni. Mwalimu wetu alijificha nyuma ya daftari. Lakini Mauwa hakukosea hata jina moja mpaka la mwisho, na kicheko kikageuka makofi. Hata Direkteri alikuwa anapiga makofi, nilimwona, Mama pia alimwona.

Nikakimbia. Nililifungua kopo langu na kummwagia mdogo wangu lote kichwani, nikalisugua kwa mikono yangu miwili shingoni, nikipiga vigelegele.

Sitaki kueleza sana. Alipiga ile kelele ya siku za janti. Alijitupa chini, akajipangusa kichwa kwa mchanga, akaupiga ungo ukapasuka, mchele ukamwagika uwanja mzima. Kisha akakimbia. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Muliona? Ni yaleyale." Na mwingine, "Aa, mutoto wa watu." Makofi yakafa. Mauwa tulimkuta mtoni, amejitia majini mpaka mabegani, anaosha shingo.

Hakutaka tena kusikia neno masomo. Ukilitaja alijiziba masikio. Na mtaani habari ilikuwa moja: klasi ya stoo imefungwa, watoto wale hawawezi. Hakuna aliyesema ni Faida. Hilo ndilo lililonila. Baada ya siku tatu nilimwambia Mama, na Mama akasema, "Hilo si la kuniambia miye."

Basi nikaenda ofisini kwa Direkteri. Nyinyi wa rika langu mnajua maana yake, mtoto kuingia mwenyewe ofisini bila kuitwa.

"Direkteri, si Mauwa aliyeharibu. Ni miye. Hapendi kuguswa kichwa. Nilijua."

Aliacha kuandika. "Ulijua, kisha ukamumwagia?"

"Ilikuwa kwa furaha, Direkteri."

"Furaha yako weye, ao furaha yake yeye?"

Nadhani nililia, Mama anasema nilirudi macho makavu, kwa hiyo labda nililia njiani. Direkteri akanipa ufunguo. "Kamusaidie Madamu kufagia stoo. Mwezi wa tisa iko karibu." Mpaka leo sijui kama alikuwa ameshaamua kabla sijaingia. Huenda maungamo yangu hayakubadilisha kitu. Lakini nilifagia ile stoo kama msikiti siku ya Idi.

Aliyebaki kukubali alikuwa Mauwa mwenyewe. Madamu alileta ungo mpya, akauacha mlangoni petu, akaenda zake. Siku nyingi ungo ulikaa hapo, kuku wakilala ndani yake. Asubuhi ya kwanza ya mwezi wa tisa, masomo yakianza upya, tulikuwa tunakunywa chai. Kutoka shuleni ikaja: du, du, du. Mauwa akaweka kikombe. Akafukuza kuku, akaukung'uta ungo, akauweka kichwani, akashika njia. Mama akanifinya: "Mufuate. Usimuguse." Nikamfuata hatua kumi nyuma, viatu mkononi, mpaka mlangoni pa stoo. Na wale waliotunga wimbo walipofungua mdomo, niliwasimamia. Sitasema nilifanya nini, mwanangu anasoma kaye hili.

Alisoma miaka mitatu, mpaka vita vilipotutawanya wote. Shule iliporwa, madaftari yakawashiwa moto wa kupikia. Madamu Feza alikimbia na ndugu zake, na tuliposikia habari zake tena alikuwa ameshazikwa. Direkteri naye amekwenda zake kwa uzee. Sikuwahi kumshukuru hata mmoja wao. Ndiyo sababu hasa ya kuandika, kama mtu angetaka kujua.

Siku hizi mimi nimeolewa Kabambare, na kitinda mimba wangu, Riziki, ana mambo ya shangazi... samahani, ya mama yake mdogo. Yeye alimpata daktari aliyeipa hali yake jina: otisme, yaani usonji. Kasongo kuna shule yenye klasi ya watoto kama yeye, ndani ya uwanja mmoja na wengine, na mwalimu wake amesomea kazi hiyo. Chumba kina madirisha. Riziki anaishi kwa Mama na Mauwa, nami nakwenda kwa pikipiki barabara inaponiruhusu, nafika nikiwa mwekundu kwa vumbi. Kijana mwenye pikipiki ananiuliza kwa nini nisiangalie proklamasyo kwenye simu. Namwambia simu haina uwanja.

Mwaka huu nilikwenda. Majina ya klasi ile yaliitwa katikati ya mengine, hayakusubiri mwisho. Makofi yakapigwa kwa kutikisa mikono hewani, shule nzima, kimya, mpaka nikasikia bendera. Pudre ilitandazwa kwenye ungo. Ungo ulishikwa na Mauwa, maana ndiye anayewachagulia mchele wa jiko la shule, na hakuna mchele safi kama wake Kasongo yote. Riziki aliutazama. Akaweka kidole kimoja, akachora mstari, akaondoka. Basi. Kopo langu lilikuwa mfukoni, limefungwa, na lilibaki limefungwa. Nimeshukuru Mungu kwa mambo makubwa, lakini kwa mstari ule nilishukuru zaidi.

Sisi tulikuwa na stoo na ungo na mtu mmoja aliyejua kukaa kwenye mkeka akanyamaza. Hawa wana madirisha na jina la daktari. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora, itakuwa uongo. Kwa kila Mauwa mmoja kulikuwa na wengine waliokaa nyuma ya nyumba mpaka wakazeeka. Lakini nawatamani watu wale.

Mchana ule, tumekaa uani tunachagua mchele, nilimwambia, "Mauwa, apeli." Huwa namwomba kila nikienda. Kama ulisoma nasi, ukawa mbali, ukadhani Kasongo imekusahau kwa kuwa madaftari yaliungua, ujue jina lako liko salama, liko mahali pake, na hata tabia yako iko pembeni yake. Aliacha ungo, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Amisi. Asha. Bahati."

Akangoja. Sisi sote tunajua Bahati alibaki wapi, siku ya kukimbia vita.

"Bahati! Bahati anachelewa tena. Bilali. Bilali, toa kidole mudomoni. Dunia. Faida."

Akangoja tena. Haendelei mpaka nijibu.

"Prezan," nikasema.

Akaendelea.